Tairi la Tela Huchaguliwa Mizanini

Tela la kulala likipasua tairi njiani, lawama zote huangukia tairi: la bei rahisi, kiwanda chake kibovu. Nimeifuatilia kwa karibu kazi ya kubadilisha matairi manne ya tela la jirani yangu hapa Ohio, lenye ekseli mbili, na kwa maoni yangu iliyoiokoa kazi ile ni hatua iliyotangulia ununuzi. Tela lilipimwa uzito, gurudumu kwa gurudumu.

Matairi yaliyotolewa yalikuwa ST205/75R14, daraja la mzigo C. ST ni alama ya tairi lililotengenezwa mahususi kwa tela. Ubavuni yaliandikwa pauni 1,760, karibu kilo 800, kwa upepo wa PSI 50. Mara nne ni pauni 7,040, na ekseli mbili za tela hili zinaruhusiwa kubeba pauni 7,000. Kiwanda kiliacha nafasi ya pauni 40 tu! Hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Ila hesabu hiyo inachukulia kwamba mzigo umegawanyika sawasawa, na ndani ya tela hauko hivyo: jiko, friji na tangi la maji hukaa pale mchoraji alipovipangia.

Kwa hiyo tela lilipakiwa kama linavyosafiri, maji tangini na mitungi ya gesi imejaa, likafungwa kwenye gari, kisha kila gurudumu likapandishwa juu ya mizani midogo kwenye sakafu iliyo sawa. Jumla ilikuwa pauni 6,700. Anayepima jumla peke yake angeondoka ameridhika. Lakini gurudumu la mbele kushoto lilibeba 1,900 na la nyuma yake 1,800, huku ya kulia yakibeba 1,540 na 1,460. Matairi mawili ya kushoto yalikuwa yamezidiwa safari zote hizo, na jumla ikaficha.

Hapo ndipo uchaguzi ulipopata msingi. Daraja D la saizi ileile hubeba pauni 2,040 kwa PSI 65. Lilitosha, lakini kwa gurudumu lenye 1,900 akiba ingekuwa ndogo, nami napenda kuona tairi la tela likibaki na angalau asilimia 15 ya uwezo wake. Jirani alihamisha jenereta na sanduku la vifaa kwenda kulia, na gurudumu zito likashuka hadi 1,720. Dukani walimshauri achukue ST215/75R14, saizi kubwa zaidi. Alikataa, na alikataa vizuri: kipenyo chake huzidi kwa milimita 15 hivi, na nafasi iliyokuwapo kati ya tairi la mbele na la nyuma ilikuwa finyu tayari.

Kupandisha daraja kuna gharama yake, na mafundi wengi hawaigusi. Rimu nayo ina kikomo cha mzigo na cha upepo, kilichogongwa kwenye chuma. Ikiwa ni kidogo kuliko cha tairi, basi tairi jipya halina faida. Hapa rimu zilifaa. Vali hazikufaa. Vali ya mpira ya kawaida, TR413, mwisho wake ni PSI 65 kabla tairi halijapata joto, maana yake ingefanya kazi ikiwa ukingoni tangu siku ya kwanza. Zilitolewa zote, zikawekwa za chuma.

Umri nao ulikaguliwa kwa makini. Tairi la tela huzeeka kabla halijawa kipara, kwa sababu hukaa limesimama miezi mingi juani likiwa na mzigo wote mgongoni. Yale ya zamani yalikuwa na meno marefu kabisa, lakini ukiukunja ubavu kwa kidole gumba ulionekana utitiri wa nyufa nyembamba kama nywele. Namba nne za mwisho za msimbo wa DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. 1419 ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Jirani alisoma msimbo wa kila tairi kabla ya kulipa, tairi moja likarudishwa stoo. Aliangalia pia herufi ya mwendo, kwani tairi la ST lisilo na herufi hiyo kwa desturi huhesabiwa kuwa la maili 65 kwa saa, sawa na kilomita 105.

Kisha balansi. Wapo wanaosema tela halina abiria, kwa hiyo mtetemo wake haumsumbui mtu. Fanya hesabu. Gramu 60 zilizozidi ukingoni mwa rimu hii, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 7, mara 13 kila sekunde. Beringi hupokea kipigo hicho, springi hukipokea, na skrubu za makabati pia. Dereva aliye kwenye gari la mbele hahisi chochote.

Fundi alianza kwa kufunga gurudumu kwenye mashine kwa koni, akilishika kwenye tundu la katikati. Mashine ikadai vipande vya gramu 70. Akavibandika, ikasoma sifuri. Jirani akamwomba alegeze, alizungushe gurudumu nusu duara kwenye shafti, afunge tena. Sifuri ikapotea, na mashine ikaomba uzito mahali pengine kabisa. Rimu nyingi za tela hukaa katikati kwa kushikwa na nati, na tundu la kati huenda halijachongwa kwa usahihi. Fundi akaleta bamba lenye pini tano zinazoingia kwenye matundu ya nati. Safari hii gurudumu lilizungushwa vyovyote, namba hazikubadilika. Hicho ndicho kipimo ninachomwamini fundi nacho, na hakimchukui hata dakika tano.

Nati zilikazwa kwa mpangilio wa nyota na kwa awamu, mwisho ndani ya futi-pauni 90 hadi 120 ambazo stadi za nusu inchi hudai, kisha zikakaguliwa tena baada ya maili 10, 25 na 50.

Nisichokubaliana nacho ni tairi la akiba. Lilibaki lilelile la zamani, daraja C, lenye umri sawa na yaliyotupwa. Likifungwa kushoto mbele litabeba pauni 1,720 kwa uwezo ulioandikwa 1,760, tena uwezo wa siku lilipokuwa jipya. Nimemshauri jirani anunue la tano la daraja D kabla ya safari ya Kentucky, na hadi afanye hivyo, vifaa vizito vipande kwenye gari.