Dawa Inazibaje Tundu la Mbigili?

Dodoma wakati wa kiangazi, mbigili hukauka pembezoni mwa njia, na tunda lake limeumbwa kwa ajili ya kutoboa: likianguka vyovyote, kuna mwiba unaotazama juu. Tyubu yangu ya nyuma ilipofikisha viraka sita, niliamua kujaribu dawa ya pancha, ile ya majimaji mazito inayomiminwa ndani.

Kuitia ni kazi ndogo, ila valvu inataka akili. Baiskeli yangu ni saizi 28, yenye valvu ya kizamani: kijiti cha chuma chenye tundu ubavuni, kimevalishwa kimpira chembamba. Nilitoa upepo, nikafungua nati, kijiti kikatoka kizima, nikamimina kama mililita 120. Nilipokosea ni kujaza upepo huku valvu ikiwa chini. Dawa ilipanda hadi kwenye kimpira ikagandia hapo, na siku chache baadaye upepo ukakataa kuingia mpaka nilipokibadilisha. Siku hizi nazungusha gurudumu valvu ije juu, nasubiri dakika tano dawa iteremke, ndipo nashika pampu.

Ndani ya dawa hiyo mna nyuzinyuzi na chembe za mpira zinazoelea katika kimiminika kisichokauka upesi. Gurudumu likizunguka, dawa hutupwa nje na kutandaa kwenye sehemu ya tyubu inayoelekea barabarani. Mwiba ukitoboa, upepo unaotoroka ndio unaoibeba dawa hadi penye tundu: nyuzi hukwama, chembe hurundikana nyuma yake, njia ikafungwa. Kwa hiyo ni lazima upepo upotee kidogo ili tundu lizibe, na anayeona povu likitoka asishtuke. Achomoe mwiba, kwa sababu ukibaki utaendelea kulipanua tundu, kisha azungushe gurudumu tundu lije chini, dawa ituame juu yake.

Ipo pia dawa ya utomvu wa mpira, inayoganda ikikutana na hewa. Huziba vizuri sana, lakini kwa joto la kwetu hukauka baada ya miezi michache. Na katika tairi jembamba la baiskeli ya mashindano, lenye upepo mkali, mara nyingi dawa hufoka nje kabla haijashika. Tairi pana la baiskeli ya mizigo ndilo linaloifaa.

Nimesikia watu wakiilaumu kwa pancha ambazo haikuumbiwa. Ukiingia shimoni na upepo mdogo, rimu huibana tyubu na kuacha mikato miwili sambamba ubavuni. Mikato hiyo ni mirefu kuliko nyuzi zinavyoweza kuziba. Kichwa cha spoki nacho hutoboa upande wa rimu, na huko dawa haifiki, kwani mzunguko umeitupa upande wa pili.

Lalamiko moja la mafundi baiskeli nakubaliana nalo kabisa: tyubu yenye dawa ni ngumu kubandika kiraka. Dawa huchuruzika tunduni na solusheni haishiki. Nimeona kinachofaa ni kuining'iniza tyubu tundu likiwa juu, kuifuta hadi ikauke, kupiga msasa, kisha kupaka solusheni na kuiacha ikauke kabla ya kubandika. Fundi anayefanya hivyo hutumia muda mrefu zaidi, na ni haki alipwe zaidi ya bei ya pancha ya kawaida.