Zimwi likujualo: Hofu katika 'My Neighbor Totoro'

Wengi huichukulia filamu ya Hayao Miyazaki, My Neighbor Totoro (1988), kuwa burudani ya watoto tu. Huko ni kuipunja.

Ni miaka ya 1950, Japani inajikongoja baada ya vita. Mhadhiri Kusakabe anahamia mashambani na mabinti zake, Satsuki na Mei, wawe karibu na hospitali alikolazwa mama yao. Nyumba ni kuukuu: nguzo imeoza, masizi yana uhai. Usiku upepo unapovuma, baba anaangua kicheko ili hofu iwatoke.

Hebu tazama, mizuka haiwatishi sana watoto hawa. Kinachowatisha ni telegramu kutoka hospitalini. Satsuki, aliyejitwika upishi na malezi angali mwanafunzi, analia mbele ya bibi jirani: mama akifa je?

Jina lenyewe ni somo la lugha. Mei, wa miaka minne, alitaka kutamka 'tororu', zimwi la kitabuni, ulimi ukateleza. Kosa likawa jina, na jina likaligeuza zimwi kuwa jirani. Wahenga walishasema, zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Lakini ugonjwa haumjui mtu, wala Totoro haugangi. Anachowapa watoto ni njia ya kufika tu. Wanamtazama mama kutoka mtini, wanamwachia hindi dirishani, basi. Nadhani uzito wa filamu uko hapo: mtoto hawezi kuliondoa janga, ila anaweza kupeleka hindi.