Tembe la Kwihara: Ukuta wa Bara, Mlango wa Pwani

Kusini-magharibi ya mji wa Tabora, mwendo wa kilometa chache, huko Kwihara, kuna nyumba ya udongo mwekundu ambayo wengi huijua kwa jina la mgeni aliyekaa humo. Wasafiri huiita tembe la Livingstone, yule msafiri na mmisionari, na leo ni makumbusho. Vitu vilivyomo ndani vimeshaandikwa sana. Nataka tuisome nyumba yenyewe, kwa sababu umbo lake linawataja watu ambao kibao cha nje kimewaacha.

Tuanze na paa, kwa kuwa ndiko kwenye ufundi mkubwa. Ni paa bapa. Boriti hulazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake fito zilizobanana, kisha nyasi, kisha udongo unaomwagwa na kushindiliwa mpaka ukaze. Hapana makuti hapa, wala mteremko wa kumwaga maji haraka. Ni paa la bara, la nchi ya Wagogo na Wanyamwezi, ambako kiangazi ni kirefu na jua la Septemba halina huruma. Uzito ule wa udongo hulikataa joto. Hulikataa na kaa la moto pia, jambo ambalo Unyanyembe, nchi iliyo na Tabora na Kwihara, haikulichukulia kuwa dogo: tarehe 22 Agosti 1871 watu wa mtemi Mirambo waliingia Tabora, wakamuua mfanyabiashara Khamis bin Abdullah, na sehemu ya mji ikateketea.

Lakini paa hili lina deni. Mvua za Tabora huanza Novemba zikaendelea hadi Aprili, na kila msimu hula kidogo udongo uliopo juu. Asipopanda mtu kuziba nyufa, maji hupenya, boriti huoza, na ukuta hufuata. Msikiti wa kale wa Kaole, karibu na Bagamoyo, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na magofu yake yamevumilia karne nyingi bila mwenyewe. Tembe haliwezi hivyo. Mwaka usio na mafundi ni mwaka wa kubomoka. Kwa hiyo kila sentimeta tunayoiona Kwihara ni kazi ya mikono iliyorudiwa na kurudiwa, hata ukarabati wa karne iliyopita uliolirejesha jengo hili katika sura yake. Naona huo ndio utukufu wa jengo, wala si upungufu.

Kuta ni nene na zimeipa nje kisogo. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyefika Juni 1871 na kujikuta katikati ya vita vya Waarabu na Mirambo, alitoboa matundu ya bunduki katika kuta za udongo. Jiwe lingemsumbua, udongo ulikubali. Nyumba ya mfanyabiashara iligeuka ngome kwa muda mfupi tu, na vita vilipopita ikarudi kuwa nyumba.

Sasa mlango. Katikati ya udongo huu wa bara pamesimama mbao za kuchongwa, kazi ya mkono uliofunzwa desturi ya pwani. Ukiukaribia unaona patasi ilivyopita katika miimo, na nakshi inavyoishia ghafla pale mbao inapokutana na udongo usio na pambo lolote. Hakuna aliyejaribu kuuficha mshono huo. Ukuta umebaki wa Mnyamwezi na mlango umebaki wa Mswahili, na ni mlango unaomtangaza mwenye nyumba: huyu ana mali, ana dini, ana jamaa Unguja. Katika sehemu zote za nyumba hii, hapa ndipo historia ya njia ya misafara kati ya pwani na bara inaposomeka kwa jicho.

Mpangilio wa ndani hauhitaji maneno mengi. Mbele ni baraza pana la kupokea wageni na kupatana bei; nyuma ya mlango ni vyumba na ghala; katikati ni ua. Mgeni wa kawaida huishia barazani. Mali, yaani vitambaa, shanga, waya na pembe za ndovu zilizopimwa kwa frasila, hukaa mahali ambapo lazima upite watu kadhaa kuzifikia. Ni nyumba ya kungojea. Stanley alingoja hapo miezi mitatu kabla ya kwenda Ujiji. Alirudi na David Livingstone Februari 1872, akaondoka Machi 14, na mzee akabaki akingoja wapagazi kutoka pwani mpaka Agosti 25.

Na wapagazi wenyewe? Hapa umbo linanyamaza, na ukimya wake unaniuma. Waliobeba vitambaa na pembe walilala katika kambi za vibanda vya nyasi, ambavyo havikumaliza hata msimu. Watumwa waliofungwa minyororo hawakujengewa kitu cha kukumbukwa. Nyumba imebaki kwa sababu ilikuwa ya mwenye mali.

Oktoba 1873 Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, pamoja na wenzao walifika Kwihara na mwili wake, waliouchukua kutoka kijiji cha Chitambo alikofariki. Msafiri Mwingereza, Luteni Cameron, aliyewakuta huko, aliwashauri wamzike hapo. Walikataa, wakaendelea hadi Bagamoyo, na Februari 1874 mwili ukalazwa katika kanisa dogo la wamisionari lililojengwa 1872. Mnara wa kanisa lile bado upo na unaitwa kwa jina la Livingstone. Tembe nalo linaitwa kwa jina hilohilo. Waliombeba hawana mnara wala tembe.

Tangu 2006 Kwihara imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya urithi wa dunia, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Orodha haizibi ufa. Saruji nayo ni hatari, kwa kuwa hufungia unyevu ndani ya ukuta wa udongo na kuuozesha taratibu. Kinachotakiwa ni wazee wa Unyamwezi wanaojua kushindilia paa la tembe waitwe, walipwe, na vijana wawekwe pembeni yao wajifunze. Na kibaoni, chini ya jina la mgeni, waandikwe wajenzi: Wanyamwezi.