Kanisa la Camden, Nyumba ya Kunasa Sauti

Wengi wetu twasikitika tukisikia kwamba nyumba ya sala imeuzwa kwa kazi nyingine. Leo tupime nyumba moja ya namna hiyo, si kwa uchungu tu, bali kwa matunda yake.

Katika mji wa Camden, huko New Jersey, Marekani, ng'ambo ya mto Delaware kutoka Philadelphia, Wabaptisti walikuwa na kanisa lililoitwa Trinity. Mwaka 1918 kampuni ya Victor, iliyotengeneza gramofoni na sahani zake, ililinunua ili kurekodia humo muziki, ikalitumia mpaka 1935. Si ajabu. Kanisa hujengwa ili sauti ya mtu mmoja iwafikie wote. Kuta zake huirudisha sauti ikiwa imejaa. Siku za kwanza hakukuwa na mikrofoni katika kazi hiyo. Waimbaji walisongamana mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yao peke yake ilitikisa sindano iliyochora nta. Mikrofoni ilikuja mwaka 1925, na tangu hapo mwangwi wa nyumba yenyewe ukasikika vizuri zaidi katika sahani.

Basi, matunda yake ni nini? Mwaka 1926 Fats Waller, Mmarekani mweusi, mtoto wa mhubiri, alipiga blues mle Camden kwa kinanda kikubwa cha mabomba. Wako watakaosema ni kufuru. Sisi hatusemi hivyo: chombo kile kizito kilicheza mikononi mwake kama kitu chepesi, na kipaji ni kipaji. Mwaka 1927 Jimmie Rodgers, aliyekuwa mfanyakazi wa reli na mgonjwa wa kifua kikuu, aliimba na gitaa lake tu. Mwaka 1928 wakaja akina Carter, watu wa milima ya Virginia, na nyimbo za kwao. Kanuni ya 1222 ya sheria yetu humruhusu Askofu kuliachia kanisa lisilofaa tena kwa ibada litumike kwa kazi ya kawaida, isiyo ya aibu. Sheria hiyo haiwafungi Wabaptisti, lakini yatusaidia kupima. Kuhifadhi sauti za watu wadogo si aibu.

Lawama yetu iko pengine. Sahani za Rodgers zilifika hata kwa Wakipsigis wa Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, yule aliyemrekodi Mwenda Jean-Bosco huku kwetu Katanga mwaka 1952, alinasa wimbo wao uitwao Chemirocha. Ndilo jina la Jimmie Rodgers katika kinywa chao. Nao walimwimba kama kiumbe nusu mtu, nusu swala. Wimbo ni mzuri sana, twausifu. Lakini tazameni: sauti ilifika, mwenye sauti hakufika, na wasikilizaji wakajitungia mwingine.

Hapo ndipo nyumba ya Camden ilipopungukiwa. Kuta zilibaki, mwitikio wa watu ukaondoka. Kanisani mmoja akiimba, wengine huitikia. Mbele ya pembe ile hakuna aliyeitikia. Katekista anayewafungulia Wakristu wimbo uliorekodiwa, kisha akanyamaza pamoja nao, ameligeuza kanisa lake kuwa Camden bila kuliuza. Sahani ifundishe sauti. Kisha izimwe, watu waimbe.