Kitendo Kisichotimia: Juu ya Wakati Mmoja wa Kitenzi cha Kiyunani

Mwanafunzi wa Kiyunani hufundishwa mapema kwamba ule wakati uliopita usiotimilika, ambao Wayunani wenyewe huuita paratatikos, maana yake ni "alikuwa akifanya". Kanuni hiyo si ya uongo, walakini ni fupi kuliko kazi tunayoitwika. Twataka kupima hapa jinsi wakati huo ulivyochukuliwa katika tafsiri mbili za Kiingereza, ile ya mwaka 1611 na ile iliyosahihishwa, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1881. Kisha tutazame lugha yetu ya Kiswahili ina nini cha kutoa.

Tofauti ya asili ni hii. Aoristi hukitazama kitendo kizima, kama mtu aonavyo nyumba akiwa ng'ambo ya bonde. Wakati usiotimilika humsimamisha msomaji ndani ya kitendo, kazi ikiwa mikononi, wala haumwambii kama ilifika mwisho. Katika shina hilo moja hutoka matawi kadha wa kadha. Pengine ni mazoea: katika Marko 15:6 liwali huwafungulia watu mfungwa mmoja kila sikukuu, na kitenzi ni apelyen, katika Matendo 3:2 kiwete huwekwa mlangoni pa hekalu kila siku, na kitenzi ni etithoun. Pengine ni kuanza, kama edidasken ya Marko 1:21, Bwana alipoingia katika sinagogi akaanza kufundisha. Na pengine ni kujaribu tu, na tawi hili ndilo lenye hatari kwa mfasiri.

Xenophon atupa mfano ulio wazi katika kitabu chake cha Anabasis, pale asimuliapo safari ya mwaka 401 kabla ya Kristo. Asema Klearchos aliwashurutisha askari wake waende mbele, naye atumia ebiazeto. Je, walikwenda? La hasha, walimtupia mawe. Kitenzi chaonyesha nguvu aliyoitumia, wala hakisemi kwamba ilifaulu.

Sasa tuzipime zile tafsiri mbili. Katika Mathayo 3:14 wafasiri wa 1611 waliandika kwamba Yohana alimkataza Yesu asibatizwe. Wale wa 1881 waliandika kwamba alitaka kumzuia. Katika Luka 1:59 wa kwanza walisema jamaa walimwita mtoto Zakaria. Wa pili, kwamba walitaka kumwita hivyo. Katika Luka 5:6 wa kwanza walisema wavu ulipasuka. Wa pili, kwamba nyavu zilikuwa zikipasuka. Hapo kila mvuvi wa pwani atawaunga mkono wa pili, kwa kuwa wavu uliokwisha kupasuka hauwezi kujaza vyombo viwili samaki. Kadhalika katika Luka 8:23: kama chombo kilikwisha kujaa maji, wanafunzi wasingekuwa na nafasi ya kumwamsha Bwana. Katika mambo hayo yote twawasifu wasahihishaji pasipo shaka.

Lakini hawakuwa na msimamo mmoja. Katika Wagalatia 1:13 Paulo asema aliliharibu kanisa, na kitenzi ni eporthoun, cha wakati ule ule. Kanisa halikuharibika, hata hivyo tafsiri ya 1881 yaandika kana kwamba kazi ilitimia. Tena katika Marko 12:41-42 matajiri wanatia fedha nyingi, eballon, mmoja baada ya mwingine; mjane atia senti zake mbili, ebalen, mara moja, kwa aoristi. Tofauti hiyo haionekani katika tafsiri yo yote ya hizo mbili.

Neno zito kuliko yote li katika Matendo 26:11. Mbele ya Agripa Paulo aungama alivyowatesa watakatifu ili wakufuru, naye asema enankazon. Tafsiri ya 1611 yasema aliwalazimisha kukufuru, na msomaji aelewa kwamba walikufuru. Ile ya 1881 yasema alijitahidi kuwakufurisha, na msomaji aelewa kwamba walishinda. Hili si jambo dogo, kwa maana ni sifa ya watu walioteswa. Mwalimu akisema walimkana Bwana, na Maandiko hayakusema hivyo, amewasingizia wafu wasioweza kujitetea.

Je, wasahihishaji walipata haki yote? Twaona walikaribia, wakapita kidogo. Katika habari za Yohana na za Zakaria, mwisho twaujua kwa maneno yafuatayo: Yesu alibatizwa, na mtoto aliitwa Yohana. Hapa mwisho hatukuambiwa. Tena Paulo asema "mara nyingi", basi yamkini kitenzi chataja pia kitendo kilichorudiwa. Sarufi peke yake haiwezi kuamua kama hakuna hata mmoja aliyeanguka. Paulo aliuacha mlango wazi, nasi hatuna ruhusa ya kuufunga upande wo wote.

Hapo ndipo Kiswahili kinapotufaa. Tukiandika "nikawashurutisha kukufuru", ile -ka- yasukuma habari mbele kama hatua iliyokwisha kupigwa, na msikiaji ahesabu kwamba walikufuru. Tukiandika "nalijaribu kuwashurutisha", tumesema hakuweza. Bali tukiandika "nalikuwa nikiwashurutisha wakufuru", msikiaji aiona kazi inaendelea, na mwisho wake haujatajwa. Ndivyo ilivyo katika Kiyunani. Lakini kwa Yohana "alitaka kumzuia" yatosha, na kwa mazoea "hu-" yafaa, mradi itanguliwe na neno kama "siku zile", kwa kuwa haina wakati wake yenyewe. Mfasiri anayeandika "alikuwa aki-" kila mahali hajafasiri. Ametafuta tu neno mahali pa neno.

Twaongeza onyo moja kwa wahubiri. Kitenzi cha "kuwa" hakina aoristi katika Kiyunani, kwa hiyo ēn haikuchaguliwa mbele ya umbo jingine la kitenzi hicho. Na elegen, "alikuwa akisema", mara nyingi ni njia ya kawaida ya kuingiza maneno ya mtu. Anayejenga hotuba juu ya kila elegen amejenga juu ya mchanga. Umbo la kitenzi hutufungulia swali. Maneno yaliyo kando yake ndiyo yanayojibu, na yasipojibu, yatupasa tunyamaze pale mwandishi aliponyamaza.