Viboko na Fundi wa Wi-Fi

Kiangazi kikikaza, viboko wa Mto Katuma hubanana kwenye madimbwi ya tope. Aliyelala majini huibuka kila baada ya dakika chache, huvuta pumzi na kuzama tena, usingizi haujakatika. Mfano huo alinipa fundi mmoja hapa Mpanda, mkoani Katavi, nilipomlalamikia Wi-Fi ya kompyuta yangu, ambayo kurasa za mbali ilizileta kwa kusitasita.

Kadi ya Wi-Fi nayo husinzia ili kutunza betri. Ruta hutoa tangazo karibu kila milisekunde 102. Kadi huzinduka, husikiliza kama imewekewa mzigo wa data, na kama haupo hulala tena. Hilo jepesi. Kazi iko kwingine: baada ya mzigo wa mwisho kupita, ikae macho kwa muda gani?

Kwenye Linux muda uliozoeleka ni milisekunde 100. Jibu la karibu huikuta kadi ingali macho. Lakini ombi la kwenda Ulaya hupita nyaya za baharini, na kwenda na kurudi kwa kawaida huzidi milisekunde hizo 100. Jibu linapiga hodi, mwenye nyumba ndiyo kwanza amefumba macho. Linangoja nje hadi tangazo lijalo. Aliyechagua nambari ile, nadhani, hakuwaza mtu wa Katavi.

Fundi hakuuzima usingizi moja kwa moja, kama wafanyavyo wenye hasira. Mji huu uliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, betri haichezewi. Alituma pingi, yaani vijumbe vya kupima muda wa jibu, akaandika majibu kwenye karatasi, akapandisha muda: 150, 200, 250. Kwenye 200 mimi niliona yametulia. Yeye akatuma nyingine ishirini, akaamua 250, maana jioni mtandao hulemewa.

Na simu za sauti je? Akacheka. Sauti husafiri vipande vipande, kwa kawaida kimoja kila milisekunde 20, hivyo kadi haipati hata upenyo wa kusinzia watu wakiongea. Kompyuta ya kupokea barua pepe tu angeishushia muda huo hadi sifuri: barua haiozi kwa kuchelewa sehemu ya kumi ya sekunde.

Nikadhani tumemaliza, nikatoa pochi. Akaizima kompyuta, akaiwasha upya, akainamia kioo kuona kama ile 250 bado ipo.