Kilema, Kijana na Mtu Mzima: Uhakiki wa Maneno na Hadithi Zetu

Kiswahili kina njia yake ya kumtoa mtu katika utoto. Kwanza ni kichanga, kisha mtoto, kisha kijana, na akiisha kuupita ujana huitwa mtu mzima. Jina hili la mwisho tumelizoea hata hatulisikii tena. Lakini mzima ni nani? Yai zima ni yai lisilo na ufa. Siku nzima ni siku isiyopungua saa. Mgonjwa akipona husemwa kuwa sasa ni mzima. Na mtu akiulizwa kama jirani yake yu hai au amekufa hujibu kuwa yu mzima. Neno moja labeba ukamilifu, afya, uhai na makamo. Basi kijana wa miaka 15 mwenye mguu uliopooza, akaaye Kariakoo au Gerezani, ataitwaje afikapo miaka 30? Akiitwa mtu mzima, lugha imesema kweli au imemfanyia ukarimu? Swali hili si la sarufi peke yake. Kijana huyo hukua ndani ya maneno aliyoyakuta, na hujipima kwayo kabla hajapata kauli ya kuyapima yeye.

Aghalabu lawama huanza na ngeli. Kilema, kiwete, kipofu, kiziwi, kibyongo, kibogoyo, wote wamekaa pamoja na kiti na kisu. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alizieleza ngeli kwa mawazo yaliyo nyuma yake, na kwa njia hiyo ni rahisi kusema kuwa ki- ya kiwete ni ki- ya udogo na upungufu. Hoja hii ina nguvu, walakini haitoshi. Kiongozi naye yumo humo humo, na kinyozi, na kibarua, na kipenzi, na juu ya wote kijana mwenyewe. Sijapata kusikia mtu aliyetaka kijana aitwe mjana ili apate heshima. Tena hatusemi kiwete kimekuja. Twasema kiwete amekuja. Jina lamweka pamoja na vitu, na kitenzi chamrudisha kwa watu katika pumzi ile ile.

Tofauti naiona mahali pengine. Ki- ya kijana ni ki- ya kupita. Kila amwitaye mtu kijana ajua kuwa jina hilo ni la miaka michache, na kwamba mbele yake liko jina jingine linalomngoja. Ki- ya kiwete hudhaniwa kuwa ya kukaa. Kijana mwenye kilema huwa nazo zote mbili kwa wakati mmoja, na madhara yaliyo makubwa ni kwamba ya pili huizuia ya kwanza isitoke. Ndiyo maana mtu mwenye ndevu zake, aliyeketi katika kiti cha magurudumu, huulizwa habari zake kwa kupitia kwa yule amsukumaye: huyu anataka nini, huyu anakula nini. Muulizaji hana nia mbaya. Yeye amemwona mtoto.

Wenye kusimamia lugha na sheria hawakukaa kimya juu ya jambo hili. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa uliufanya kuwa mwaka wa watu wenye ulemavu duniani, na mwaka 1982 Tanzania ilitunga sheria mbili, moja juu ya ajira yao na ya pili juu ya matunzo yao. Msomaji na atazame majina ya vyama vyao, maana humo mna historia ya neno. Chama cha Walemavu Tanzania, yaani CHAWATA, chasema walemavu. Shirikisho lililokuja baadaye, SHIVYAWATA, lasema watu wenye ulemavu, na Sheria Na. 9 ya mwaka 2010 yasema vivyo hivyo. Tumetoka kwenye kilema tukaenda kwenye mlemavu, na kutoka kwa mlemavu tukafika kwa mwenye ulemavu.

Hatua ya kwanza ilisifiwa kuliko ilivyostahili. Ni kweli kuwa mlemavu amepanda akaingia ngeli ya watu, ila amepanda na mzigo. Kiishio -vu, pamoja na ndugu yake -fu, katika Kiswahili hutaja tabia: mvumilivu, mtulivu, mnyamavu, mpotevu, mharibifu. Mtu huitwa hivyo kwa sababu hali fulani imemwingia ikawa ndiyo yeye. Kilema kilikuwa jina la mtu, na pia jina la dosari yenyewe, kwa hiyo mtu aliweza kusema nina kilema mguuni, na kilema kikabaki mguuni. Ulemavu wa mlemavu umeenea mwili mzima na kuigusa tabia, na kitenzi chenyewe chasaidia kueneza, maana mtoto aliyedekezwa mno naye husemwa amelemaa. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wale wanaodhani kuwa kilema ni tusi na mlemavu ni adabu. Wazee husema ukipenda, chongo huita kengeza. Mapenzi yamebadili jina, na jicho ni lile lile. Tena methali yenyewe yamdhihaki kidogo mpenzi huyo.

Hatua ya pili ni nyingine kabisa, nayo nadhani haijatazamwa vya kutosha. Mwenye ni neno la enzi. Katika mitaa ya Kariakoo, iliyopangwa kwa nyumba za vyumba vinavyotazamana ukumbini, mtu wa kwanza ambaye mtoto hufundishwa kumheshimu nje ya jamaa zake ni mwenye nyumba. Baada yake huja mwenye duka. Pwani yote neno hilo, pamoja na umbo lake la Mwinyi, lilikuwa cheo cha wakuu wa miji. Anayesema mimi ni mwenye ulemavu amejitaja kuwa bwana na ulemavu kuwa milki. Haielekei kuwa waandishi wa sheria walikuwa na wazo hilo. Yamkini walikuwa wakifasiri tu. Lakini lugha imewapa zaidi ya walichoomba, na kijana akilipata neno hili kwa maana yake kamili amepata silaha.

Methali yetu mashuhuri juu ya jambo hili ni hujafa hujaumbika. Husemwa kumwonya amchekaye kilema: nawe yaweza kukufika. Onyo ni jema, na leo lina ushahidi wake wodini, ambako ajali za pikipiki huwafanya vijana waliokuwa wakikimbia jana wajifunze magongo leo. Hata hivyo tuangalie ni nani anayesemeshwa. Anayesemeshwa ni mwenye miguu miwili. Kilema amesimama kando kama mfano, wala hakuna neno lililoelekezwa kwake. Kijana akuaye akisikia kuwa umbo lake ni onyo kwa wengine hujifunza kuwa yeye ni funzo la watu, na funzo halina maisha yake lenyewe. Ila methali hiyo hiyo, akiitwaa yeye na kuisema kwa kinywa chake, hugeuka. Kama mtu hajaumbika mpaka afe, basi hakuna aliyemaliza kuumbwa, na kwa umbo la mwili hakuna mtu mzima hata mmoja mjini. Methali yaipinga istilahi. Nashangaa kuwa tumezifundisha zote mbili madarasani miaka yote hii pasipo kuzigonganisha.

Nageukia hadithi. Katika Joka la Mdimu, riwaya ya Abdallah Safari ya mwaka 2007, mtoto Cheche aumia mgongo, na baba yake, Amani, aingia katika wizi ili apate fedha za matibabu. Riwaya yatushika kwa sababu swali lake ni zito: mtu mwema afanye nini mahali ambapo waovu ndio wenye fedha? Lakini swali hilo ni la baba. Mgongo wa Cheche ni sababu ya mambo ya wakubwa kutendeka. Katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 2012, watoto wenye ulemavu wa Mwalimu Majisifu na mkewe Dora ni mizani ya kuwapimia wazazi wao. Twaona aibu ya baba na uchovu wa mama; twamwona Imani akiwatunza kwa wema. Walibora ni hodari wa kejeli, na kejeli yake juu ya msomi aonaye haya kwa watoto wake yafika ilikolengwa. Watoto wenyewe hatuambiwi wanawaza nini juu ya baba yao. Ningependa sana kujua.

Kitabu kinachothubutu kumkuza mtoto wa namna hiyo mpaka awe mwanamume mwenye mchumba hakikuandikwa kwa Kiswahili. Nasema habari za Takadini cha Ben Hanson, kilichochapishwa Dar es Salaam mwaka 1997 na kusomwa sana katika shule zetu za sekondari kwa Kiingereza. Mtoto azaliwa na ualbino katika kijiji cha Washona wa zamani, mama yake Sekai atoroka naye ili asiuawe, na kijana akua, ajifunza kupiga mbira, apendwa na Shingai. Mwandishi amemruhusu apende na apendwe, jambo ambalo riwaya zile mbili hazikulifikia. Ninalo shaka moja. Takadini aingizwa katika jamii kwa mlango wa kipaji. Ndivyo tunavyofanya hata nje ya vitabu: kijana asiyeona huambiwa amtazame Mzee Morris Nyunyusa, aliyekuwa haoni na ambaye ngoma zake zilitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania, zikajulikana na kila nyumba yenye redio. Sifa yake ni ya haki. Ila kijana asiyejua kupiga ngoma wala mbira, mwenye alama za wastani darasani na sauti ya kawaida, yeye aingie kwa mlango gani? Wenzake wenye miguu miwili hawatakiwi kuwa mabingwa ili waruhusiwe kuwa watu.

Kariakoo ina jibu lake kwa swali hili, nalo ni jibu la sokoni. Mtaa huu, uliopata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, tangu mwanzo umempima mtu kwa anachobeba na anachouza. Katika Mtaa wa Kongo mnunuzi ataka bei. Muuzaji akiwa amekaa chini kwa sababu ya uchovu au kwa sababu miguu haimchukui, bei ni ile ile, na akikosea chenji atatukanwa sawasawa na mwingine. Pana heshima ndani ya matusi hayo. Nisidhaniwe kuwa nalipamba soko: mitaro ni mipana, meza zimekula njia ya miguu, na mwenye magongo hupita kwa hisani ya umati. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016 na kufika Gerezani kwa njia ya Msimbazi, yana vituo vilivyosawazishwa na sakafu ya basi, hata mtu aweza kuingia kwa magurudumu yake. Shida ni kukifikia kituo.

Utu uzima wa mjini hutafutwa hapo, katika kazi. Tarehe 16 Juni 2017 watu wenye ulemavu, wengi wao waendesha bajaji, walijikusanya barabarani katikati ya jiji wakidai nafasi ya kufanya kazi mjini, na polisi wakawatawanya kwa nguvu na mabomu ya machozi. Tukio hilo liliandikwa magazetini kama habari ya huruma. Mimi nalisoma kama habari ya lugha. Wale hawakuja kuomba. Walidai njia, na barabara ikafungwa na watu ambao kwa desturi ndio hufungiwa njia. Yaliyowapata yalikuwa mabaya, lakini mji ulilazimika siku ile kushindana nao kama unavyoshindana na watu wazima.

Nirudie basi neno lenyewe. Katika maamkizi ya kila asubuhi kijana mwenye kilema huulizwa, u mzima? Naye hujibu, mzima. Hakuna acheke wala adhaniye kuwa amesema uongo, na anayeuliza haangalii mguu. Maana hiyo ya uzima tunayo tayari, imo vinywani kila siku, na kamusi zetu huiorodhesha bila kuipa uzito. Nasikia pia usemi wa pili, mkali, anaoambiwa mwombaji kijana asiye na dosari ya kuonekana: wewe mzima, waomba nini? Hapo uzima umerudi kuwa miguu na mikono. Usemi huu wa pili ndio unaotawala hadithi zetu. Ule wa kwanza haujapata mwandishi.

Riwaya ninayoingoja yaweza kuanza na msichana anayetoka Shule ya Uhuru Mchanganyiko, ambako watoto wenye ulemavu na wasio nao husoma pamoja, akiwa amesimama ukingoni mwa mtaro na magongo yake, akihesabu kama apite Mtaa wa Swahili au azungukie Msimbazi. Aseme mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza. Awe na choyo kidogo na ulimi mkali, amtamani mvulana wa duka la vitenge, amdanganye mama yake juu ya nauli.